Nyumba Njema si Mlango: Majengo Mapya ya Umma katika Mji Mkongwe wa Guangzhou

Ukitaja Xiaobei mbele ya wazazi wetu, watakutajia mizigo. Watakutajia jengo la Tianxiu, mawakala wa kontena, bei ya viatu kwa dazeni, na mgahawa ambao zamani ulikuwa ukipika pilau kila Ijumaa. Yote hayo ni kweli, na ndiyo yaliyotusomesha wengi wetu. Lakini jina la mtaa wenyewe halitokani na biashara. Xiaobei maana yake ni Kaskazini Ndogo, na jina hilo ni kumbukumbu ya lango dogo la kaskazini katika ukuta uliouzunguka mji wa Guangzhou. Ukuta umekwenda, lango limekwenda, jina limebaki kwenye barabara na, tangu 2009, kwenye kituo cha treni ya chini ya ardhi.

Katika makala hii tunajaribu kujibu swali moja: mji wa kale unapohitaji jengo jipya la umma, jengo hilo livae nini? Livae nguo za babu, au livae nguo za leo? Tumechagua Guangzhou kwa sababu ndio mji tunaotembea ndani yake, na kwa sababu kutoka Xiaobei unaweza kwenda kwa miguu, bila kuchoka sana, ukaona majibu matatu tofauti ya swali hilo. Mwishoni tutavuka bahari hadi Zanzibar na Dar es Salaam, kwa kuwa swali hili linatuhusu huko pia, na huko linatuuma zaidi.

Ukuta unapogeuka barabara

Guangzhou ni mji wa zaidi ya miaka 2,200. Ulikuwa mji mkuu wa ufalme wa Nanyue kabla ya Kristo, ukawa bandari ya mabaharia wa Kiarabu na Kiajemi katika enzi ya Tang, na kwa karne nyingi ukabaki mlango mkuu wa China upande wa bahari ya kusini. Msikiti wa Huaisheng, wenye mnara wa mita 36 hivi, ni ushahidi wa historia hiyo. Mapokeo ya Waislamu wa hapa yanasema aliyeujenga ni Saad bin Abi Waqqas. Wanahistoria wengi wana shaka na jambo hilo, lakini hakuna anayebisha kwamba msikiti huo ni miongoni mwa misikiti ya kale zaidi nchini China.

Mji huo wa kale ulikuwa ndani ya ukuta. Mwaka 1918 iliundwa ofisi mpya ya kusimamia mji, na kazi yake kubwa ya kwanza ilikuwa kubomoa kuta na kutandaza barabara pana mahali pake. Mwaka 1921 Guangzhou ikapata manispaa rasmi, na meya wake wa kwanza alikuwa Sun Fo, mtoto wa Sun Yat-sen. Leo ukitaka kuuona ukuta wenyewe, panda hadi bustani ya Yuexiu. Kipande cha enzi ya Ming bado kipo pale, mizizi ya miti imeukumbatia.

Pembeni mwa barabara hizo mpya zikasimama nyumba za aina ambayo Wachina huiita qilou: ghorofa za juu ni makazi, chini ni duka, na mbele ya duka kuna njia iliyofunikwa na ghorofa ya juu, ili mpita njia asipigwe na jua wala mvua. Aliyekulia Mji Mkongwe wa Zanzibar hahitaji kuelezwa sana. Sisi tuna baraza. Baraza na qilou si kitu kimoja, kwani baraza ni pa kukaa na qilou ni pa kupita, lakini vyote viwili vinafundisha jambo moja: mwenye nyumba humwachia mpita njia sehemu ya nyumba yake. Hapo ndipo usanifu wa umma unapoanzia, kabla ya serikali kujenga chochote.

Jibu la kwanza: paa la kasri juu ya kenchi za chuma

Chini ya kilima cha Yuexiu upo Ukumbi wa Kumbukumbu ya Sun Yat-sen. Mahali pale pana historia ya mabomu. Mwaka 1921 Sun Yat-sen aliweka hapo ofisi yake ya urais wa serikali ya Guangzhou. Juni 1922 Chen Jiongming, aliyekuwa mshirika wake, alimgeuka, na askari wake wakaishambulia ofisi hiyo kwa mizinga. Sun akaponea chupuchupu. Alipofariki Beijing mwaka 1925, viongozi wa Guangzhou waliamua kujenga ukumbi palepale palipovunjwa. Fedha zilitoka serikalini na kwa wananchi, wakiwemo Wachina waliokuwa wakiishi ng'ambo. Tunaomba msomaji alishike hilo la ng'ambo, tutalirudia.

Mashindano ya kuuchora ukumbi yalifanyika 1926, na mshindi akawa Lu Yanzhi. Lu alizaliwa mwaka 1894, akasoma usanifu majengo katika Chuo Kikuu cha Cornell nchini Marekani, akahitimu 1918. Alikuwa tayari ameshinda mashindano ya kuchora kaburi la Sun huko Nanjing. Jiwe la msingi la ukumbi wa Guangzhou liliwekwa Januari 1929. Machi mwaka huohuo Lu akafa kwa maradhi, hata miaka 40 hajafika. Wenzake waliikamilisha kazi, na ukumbi ukaisha 1931.

Kwa nje jengo ni kasri: paa la pembe nane lenye vigae vya buluu, nguzo nyekundu, kingo za paa zilizokunjwa juu. Ingia ndani, ndipo utakapoona tofauti. Ukumbi mzima hauna nguzo hata moja katikati. Ulipojengwa uliweza kukaa watu karibu 5,000, na kila mmoja aliweza kuiona jukwaa bila kuzibwa na kitu. Hilo lisingewezekana kwa mbao. Katika kasri la kale paa hubebwa na nguzo nyingi za mbao, na chini ya kingo za paa kuna vipande vya mbao vilivyopangwa juu kwa juu ili kugawa uzito. Katika ukumbi wa Lu, paa limebebwa na kenchi kubwa za chuma cha pua, na nguzo zinazozishika zimefichwa ndani ya kuta za zege la nondo. Vile vipande vya chini ya paa vipo, lakini havina mzigo. Ni pambo.

Klabu yetu ilipojadili jambo hili tuligawanyika. Upande mmoja ulisema huo ni uongo: jengo linajifanya mbao na huku ni chuma, kama mtu anayevaa kanzu juu ya suti ili aonekane mzee wa mtaa. Upande wa pili ulijibu kwa methali, kwamba mwacha asili ni mtumwa. China ya miaka ya 1920 ilikuwa imezungukwa na majengo ya wageni, na hapohapo Guangzhou, kwenye kisiwa cha Shamian, Waingereza na Wafaransa walikuwa na eneo lao lenye nyumba za Kizungu. Paa la vigae lilikuwa tamko.

Sisi tunaona pande zote mbili ziliangalia paa na kusahau watu waliokaa chini yake. Nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani. Kasri la mfalme halikuwa mahali pa mtu wa kawaida kuingia. Lu alilichukua paa la kasri akaliweka juu ya vichwa vya raia maelfu waliokuja kusikiliza hotuba. Juu ya lango la mbele upo ubao wenye herufi nne zinazobeba wazo kwamba dunia ni ya watu wote, maneno ambayo Sun alipenda kuyaandika kwa mkono wake. Chuma hakikuwekwa ndani ili kudanganya mtu. Kiliwekwa kwa sababu umma ni mkubwa kuliko boriti ya mti wowote. Septemba 1945 majeshi ya Japani katika eneo hili yalisaini kusalimu amri ndani ya ukumbi huo, na raia wa mji uliokuwa umekaliwa tangu 1938 wakawa na mahali pao pa kulikumbuka tukio hilo. Tangu 2001 ukumbi umo katika orodha ya urithi unaolindwa na taifa.

Jibu hili la kwanza lilipata wafuasi papo hapo. Kusini mwa ukumbi ilijengwa Ofisi Kuu ya Jiji kati ya 1931 na 1934, nayo ikavikwa paa la kasri. Mchoraji wake, Lin Keming, alikuwa amesoma Lyon, Ufaransa. Lakini mtu huyohuyo mwaka 1932 alianzisha masomo ya usanifu majengo katika chuo cha mkoa wa Guangdong, na humo wanafunzi walifundishwa usanifu wa kisasa usio na mapambo. Mwaka 1936 wanafunzi hao walianzisha jarida lao, wakaliita Usanifu Mpya, wakatetea ndani yake majengo yanayosema wazi yametengenezwa kwa nini. Tunalitaja jambo hili kwa furaha kidogo: mjadala mkubwa wa majengo ya mji huu ulisukumwa pia na jarida la wanafunzi.

Jibu la pili: mwili mpya, sura ileile

Panda kilima hadi Mnara wa Zhenhai. Ulijengwa mwaka 1380, una ghorofa tano, na ulikuwa sehemu ya ulinzi wa ukuta wa kaskazini. Umebomoka na kujengwa upya mara kadhaa. Mwaka 1928 manispaa iliukarabati kwa namna ambayo leo ingezua ugomvi: mbao za ndani ziliondolewa zikawekwa zege za nondo, sura ya nje ikaachwa. Mwaka uliofuata mnara ukafunguliwa kuwa makumbusho ya mji.

Ukiwa mkali utasema mnara wa 1380 ulikufa 1928. Ukiwa mpole utasema umepona. Kilicho wazi ni kwamba kazi yake iligeuka kabisa. Mnara wa askari wa kuwazuia watu ukawa nyumba ya kuwakaribisha watu. Msikiti wa Huaisheng nao ulipitia jambo la namna hiyo: uliungua katika karne ya 14, ukajengwa upya, na ukumbi wake wa swala wa sasa ni wa 1935, miaka ileile ya zege. Wanaoswali humo Ijumaa hawaulizi umri wa dari. Wanauliza kama pana nafasi safu ya mbele.

Jibu la tatu: jipya lisiloomba radhi

Mwaka 1983 wajenzi walikuwa wakisawazisha kilima cha Xianggang, magharibi ya bustani ya Yuexiu, ili kujenga nyumba za makazi. Wakagonga mawe ya kaburi. Likawa kaburi la mfalme wa pili wa Nanyue, aliyezikwa zaidi ya miaka 2,000 iliyopita akiwa amevishwa vazi la vipande vya jiwe la jade vilivyoshonwa kwa uzi wa hariri. Nyumba za makazi zikasitishwa. Badala yake yakajengwa makumbusho, yaliyofunguliwa 1988, kazi ya wasanifu Mo Bozhi na He Jingtang.

Hapa hakuna paa la kasri. Kuta ni za mawe mekundu, mazito, na juu ya kaburi lenyewe limewekwa paa la vioo na chuma lenye umbo la piramidi iliyokatwa kichwa. Wasanifu wangeweza kuiga majengo ya Nanyue, lakini hakuna aliyewahi kuyaona. Wakachagua unyofu: rangi ya jiwe inakumbusha mawe ya kaburi, umbo linafuata mwinuko wa kilima, na mengine yote ni ya karne ya 20. Hakuna anayetoka pale akidhani ameingia jengo la kale, na hakuna anayetoka bila kulihisi lile la kale.

Kwetu sisi makumbusho hayo yana jambo la ziada. Miongoni mwa vitu vilivyotoka kaburini zimo pembe tano za ndovu, na makumbusho yanaeleza kwamba ni za tembo wa Afrika. Zilipita mikono mingapi na bandari zipi hadi kufika, pembe zenyewe hazisemi. Lakini kijana anayeambiwa kwamba Waafrika walianza kuja Guangzhou miaka ya 1990 kununua simu na viatu, na apelekwe pale akazitazame.

Na Tianxiu je?

Mwalimu mmoja alituuliza: katika orodha yenu ya majengo ya umma, Tianxiu mmeliweka wapi? Swali zuri. Tianxiu si jengo la umma kisheria. Ni jengo la kawaida la maduka, ofisi na makazi kando ya barabara ya Huanshi, halina mapambo, na hakuna msanifu anayelipeleka wanafunzi wake kulichora.

Lakini tazama limetokeaje. Maonyesho ya biashara ya Guangzhou yalianza 1957. Kwa miongo mingi yalifanyika upande huu wa mji, na kwa ajili ya wageni wake ulijengwa ukanda mzima: stesheni ya reli, kumbi za maonyesho za Liuhua zilizofunguliwa 1974, na hoteli, mojawapo ikiwa Baiyun ya 1976 yenye ghorofa 33, ambayo wakati huo ndiyo iliyokuwa ndefu kuliko majengo yote ya China. Wafanyabiashara wa Kiafrika walipoanza kuja kwa wingi mwishoni mwa miaka ya 1990, na zaidi baada ya China kuingia Shirika la Biashara Duniani mwaka 2001, walifikia kwenye ukanda huo. Ghorofa za chini za Tianxiu zikawa soko, benki ya habari, mahali pa kumtafuta mtu aliyepotezana na wenzake. Baada ya 2020 idadi ya Waafrika ilipungua sana, na vibanda vingi vikabadilisha wenyewe.

Jibu letu kwa mwalimu ni hili: Tianxiu lilifanya kazi ya jengo la umma bila kupewa cheo hicho. Na kwa kuwa halikupewa cheo, hakuna ubao utakaoeleza yaliyofanyika humo. Ukumbi wa Sun Yat-sen ulisaidiwa kujengwa na watu wa ng'ambo, na historia yake inawataja. Watu wetu wa ng'ambo waliofanya kazi Tianxiu watatajwa na nani, kama si sisi tunaojua majina ya ghorofa zake kwa Kiswahili?

Kuvuka bahari

Mwaka 1883 Sultani Barghash bin Said alijenga Beit al-Ajab mbele ya bahari, Zanzibar. Katika nyumba za mawe za Pwani upana wa chumba huamuliwa na urefu wa boriti ya mkoko, kwa hiyo vyumba ni virefu na vyembamba. Beit al-Ajab ilivunja kipimo hicho. Kuta zake ni za mawe ya matumbawe na chokaa kama za jirani zake, lakini roshani zake pana zilizungushwa nguzo za chuma, na ndani yake mkawekwa umeme na lifti, vitu ambavyo Pwani ilikuwa haijaviona. Agosti 1896 manowari za Waingereza zilipiga mizinga majumba ya sultani kwa dakika 38 hivi. Majirani wa Beit al-Ajab waliharibiwa, yenyewe ikasimama. Ni miaka 26 tu kabla ya mizinga ya Guangzhou.

Lakini tarehe 25 Desemba 2020, wakati ukarabati ukiendelea, sehemu kubwa ya mbele iliporomoka na watu 2 wakafa. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Sasa wanaoijenga upya wana swali lilelile la Guangzhou: wairudishe sura kwa mwili wa zege kama Zhenhai, au waache jeraha lionekane na waweke kitu kipya kama Nanyue? Mji Mkongwe umo katika orodha ya urithi wa dunia tangu 2000, kwa hiyo jibu halitakuwa la Wazanzibari peke yao.

Dar es Salaam ilijibu kwa njia nyingine. Kariakoo, ambayo jina lake linatokana na kikosi cha wapagazi wa Waingereza wa Vita Kuu ya Kwanza, ilipata soko jipya miaka ya 1970, kazi ya Beda Amuli, mmoja wa wasanifu majengo Waafrika wa mwanzo kabisa Afrika Mashariki. Amuli hakuiga msonge wala nyumba ya Pwani. Alisimamisha nguzo za zege zinazofunguka juu kama miavuli iliyogeuzwa, zikakinga jua na kukusanya mvua. Akauliza watu wa soko wanahitaji nini: kivuli, hewa na maji. Jengo hilo liliungua Julai 2021, na mji mzima ukaona umefiwa. Bidhaa nyingi zilizoungua Kariakoo siku ile zilianzia safari yao kwenye miji kama huu wetu.

Hitimisho

Tumeona paa la kasri juu ya chuma, sura ya kale juu ya zege, na jiwe jekundu lisiloiga mtu. Hatukubali kwamba moja kati ya hayo ni sahihi daima na mengine ni makosa. Tunachodai ni kwamba mjadala wa paa usitangulie swali la msingi: nani anaingia? Ukumbi wa Lu ulistahili paa lake kwa sababu uliwaingiza raia. Zhenhai ilistahili zege lake kwa sababu ilifungua mlango uliokuwa wa askari. Kariakoo ilililiwa kwa sababu kila mtu alikuwa amewahi kuingia.

Kwa hiyo Beit al-Ajab ikisimama tena, tusitosheke kuhesabu nguzo zake na kulinganisha rangi. Tuulize kama mtoto wa Ng'ambo, yule anayeishi upande wa pili wa Creek Road, ataingia bure na atakuta ndani habari za watu wake. Na kwa hapa Xiaobei, klabu ina kazi inayoweza kuanza muhula huu: kukusanya kwa Kiswahili kumbukumbu za waliofanya kazi Tianxiu, ghorofa kwa ghorofa, wakati wenyewe bado wapo na simu zao bado zinapokelewa.